Mgonjwa haokoti chupa: kisa cha mfuko wa bima uliolipiwa kwa taka

Kisa hiki ni cha mtaa mmoja wa watu wa kipato cha chini. Majina ya mtaa, zahanati, kikundi na mnunuzi wa chakavu nimeyaacha, na mambo madogomadogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nilikuwa mtunza hesabu wa mfuko huu kwa miaka miwili ya mwanzo. Ninayoyaeleza niliyaona mwenyewe, na moja kati yake nililitenda mwenyewe.

Hali ilivyokuwa

Wakazi wengi wa mtaa ule ni vibarua, wachuuzi, mafundi wa nyumbani na wafua nguo. Mshahara wa mwezi hawana, kwa hiyo bima ya kukatwa kazini haiwahusu. Bima ya kujilipia ilikuwepo, ila ilitaka fedha taslimu ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anayeishi kwa kinachopatikana leo hawezi kutoa ya miezi kumi na miwili asubuhi moja. Zahanati ilikuwa na mganga mmoja, wauguzi watatu na maabara ndogo, na pembeni ya dirisha la mapokezi palikuwa na daftari la madeni ambalo halikuwahi kupungua.

Katikati ya mtaa ulipita mfereji wa maji ya mvua. Kiangazi ulijaa chupa kiasi kwamba watoto waliuvuka bila kulowa. Masika chupa ziliziba makalavati, maji yakaingia vyumbani.

Wazo la kuunganisha matatizo hayo mawili halikuwa letu. Kule Malang, Indonesia, daktari Gamal Albinsaid alikuwa ameanzisha kliniki ambayo watu walijiunga na bima yake kwa kuleta taka, na kazi hiyo ikamletea tuzo ya kimataifa mwaka 2014. Kabla yake, mji wa Curitiba, Brazil, ulianza mwaka 1991 kuwapa wakazi mazao ya shambani kwa uwiano wa kilo 1 kwa kila kilo 4 za taka walizoleta. Kikundi cha usafi cha mtaa kilisikia habari hizo, kikaenda kwa mganga, na mganga akakubali.

Utaratibu wa mwanzo ulikuwa mwepesi kueleza, na ndiyo sababu watu waliupenda. Kila mtu katika familia alilipiwa kilo 2 za chupa za plastiki kwa mwezi, au kadibodi, makopo ya alumini na chuma chakavu vya thamani hiyo. Kikundi kilipima, kikamuuzia mnunuzi wa chakavu, na fedha ikaenda zahanati kama malipo ya kila kichwa. Zahanati ililipwa kiasi kilekile kwa kila mwanachama, awe ametibiwa au hakutibiwa. Mwanachama alipata kumwona mganga, vipimo vya kawaida na dawa zilizomo kwenye orodha ya zahanati. Kulazwa hospitali hakukuwemo. Mfuko wa familia zisizofika mia mbili ungekaushwa na operesheni moja, na hilo tulilisema wazi siku ya kwanza.

Mambo yalivyokwenda

Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa ya furaha. Mizani ilining'inizwa kwenye boriti ya kibanda, uso wake ukielekea barabarani, ili kila apitaye aone mshale unaposimama. Msichana wa kikundi alisoma uzito kwa sauti, mwingine akaandika, wa tatu akagonga muhuri kwenye kadi. Watu walikaa kutazama mihuri ya wenzao. Mfereji ulianza kuonekana maji, na mganga akasisitiza watu walete hata matairi na makopo yasiyo na bei, kwa kuwa mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye vyombo vidogo vinavyotuama maji safi.

Mwezi wa nne yakaja maji ndani ya chupa na mchanga ndani ya viroba. Hilo halikutusumbua sana: tukaagiza chupa zote ziletwe bila vifuniko na zimetobolewa kitako, kadibodi ziletwe kavu, na mchezo ukaisha ndani ya wiki mbili.

Mwezi wa tano bei ya chupa ikashuka kwa mnunuzi. Plastiki mpya hutengenezwa kwa mafuta na gesi, kwa hiyo mafuta yakiwa rahisi viwanda hununua mpya na kuiacha ya zamani. Uamuzi wa nchi moja kubwa nao unatosha kutikisa soko zima: China ilipofunga milango kwa taka nyingi za plastiki kutoka nje mwaka 2018, wauzaji wa mbali kabisa walibaki na marobota yasiyo na mnunuzi. Kwetu, mwanachama aliendelea kuleta kilo zilezile na kugongewa muhuri uleule, lakini zahanati ilipokea pungufu. Tulifidia kwa akiba, akiba ikaisha, na mganga akaanza kuandika dawa za bei ya chini pale palipokuwa na chaguo.

Mwezi huohuo alikuja kibandani mzee ambaye nitamwita Mzee J., mwenye miaka mingi katika kazi ya kuokota chupa. Alikuwa na nusu kiroba. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa, kwani alichomwa na sindano iliyotupwa ndani ya mfuko wa taka za nyumbani. Hakuwa mwanachama. Kilo 2 kwake zilikuwa chakula cha siku, angezitoaje? Alisema, bila kugomba: "Zamani nilijaza viroba viwili kabla jua halijawa kali. Sasa kila mlango nakuta chupa zimefungiwa ndani." Nilimwandikia kwamba malalamiko yake yamepokelewa. Kwa wiki kadhaa hakuna kingine tulichofanya.

Kisha yakatokea ya Mama S.

Mama S. alikuwa fundi cherehani, na familia yao ni ya watu wanne, hivyo mchango wao ulikuwa kilo 8 kwa mwezi. Akiokota chupa mferejini alikanyaga kopo lililochanika, likampasua unyayo. Zahanati ilimtibu kwa kadi yake vizuri, ikamchoma sindano ya pepopunda, lakini kidonda kikaingia usaha na akakaa ndani wiki nyingi. Mwezi wa kwanza hakuleta chupa. Mwezi wa pili pia hakuleta. Kanuni ilisema miezi miwili mfululizo bila mchango, kadi inafungwa. Kadi ile niliifunga mimi, kwa mstari mwekundu, jioni nikiwa nafunga hesabu za mwezi, na jina lake halikunishtua.

Siku tisa baadaye alifika zahanati akichechemea, mgongoni amembeba mwanawe wa mwaka mmoja na nusu anayekohoa. Dirishani waliangalia orodha, wakamwambia kadi imefungwa, alipe taslimu. Hakuwa nayo. Akarudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi aliyonunua njiani, dawa isiyotibu kitu alichokuwa nacho mtoto.

Alirudi siku ya nne. Safari hii muuguzi alikuwa nje, akamwona mtoto kabla dirisha halijamwona mama. Akamfunua kifua, akashika saa, akahesabu pumzi dakika nzima: 58. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1 na hajafika miaka 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika, akiwa anakohoa, ni dalili ya homa ya mapafu. Tena alikuwa ameacha kunyonya. Alipewa dozi ya kwanza na kukimbizwa hospitali, akalazwa siku sita kwenye oksijeni. Alipona. Cherehani iliuzwa kulipa hospitali.

Angepimwa siku ile ya kwanza, huenda angerudi nyumbani na vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa kwenye maji. Dawa hiyo ilikuwemo kwenye orodha yetu na ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa.

Usiku wa kupima chupa

Nilikwenda kumwona Mama S. nikiwa na maneno ya kanuni mdomoni. Alinisikiliza, akanionyesha unyayo, akaniuliza: "Kaka, kwenda mferejini ningeenda na mguu upi?"

Usiku ule niliazima mizani ndogo ya famasi ya zahanati nikapima chupa mojamoja, jambo ambalo lilipaswa kufanywa kabla ya mkutano wa kwanza. Chupa nyepesi ya maji ya nusu lita ilikuwa gramu 10 na kidogo. Nzito za soda zilikaribia 20. Kwa hiyo kilo 1 ni chupa kati ya 50 na 100. Kilo 8 za familia ya watu wanne ni chupa 400 hadi 800 kila mwezi, yaani 13 hadi 27 kwa siku, kila siku, hata ya mvua na hata ya msiba. Hakuna familia ya mtaa ule inayonunua vinywaji vya chupa kiasi hicho. Tulikuwa tumetangaza kwamba watu watalipia bima kwa taka za nyumbani kwao, kumbe tuliwaagiza waingie mitaroni, na huko wakazikuta chupa za Mzee J.

Kisha nikafungua daftari kwenye ukurasa wa Mama S. Miezi miwili ya mwanzo, kwa ile hamasa, alileta kilo 31 badala ya 16. Ziada ya kilo 15 iliingia mfukoni, kwa sababu kanuni haikuruhusu ziada kuhamia mwezi unaofuata. Miezi miwili aliyokosa ilidai kilo 16. Nilimfungia kadi kwa kilo moja.

Maamuzi yaliyofanyika, na sababu zake

Mkutano ulikuwa mgumu. Mganga aliumia kuliko sote, lakini ndiye aliyepinga kulegeza masharti, na hoja yake ilikuwa ya haki. Alisema tukiruhusu mtu aache kuchangia kisha arudi siku anayougua, wazima wote watasubiri wagonjwe kwanza, mfuko utabaki na wagonjwa watupu, na mwezi wa tatu hakutakuwa na dawa kwa yeyote. Hili ndilo linaloua mifuko mingi ya hiari, na mwenye kutaka kuanzisha mfuko asiamini atalikwepa kwa wema wa watu.

Tukaitengeneza kanuni upya tukiwa na hofu hiyo mezani. Familia ingejiunga yote au isijiunge, ili mtu asimwandikishe mgonjwa peke yake. Mgeni angesubiri siku 30 kabla ya kuanza kutibiwa. Aliyekwishajiunga angefunguliwa akaunti badala ya kugongewa mihuri. Kila alicholeta kingehesabiwa na ziada ingekaa kwa jina lake. Akaunti ikifika sifuri angeendelea kutibiwa miezi mitatu huku deni likiandikwa, na mwenye ugonjwa au jeraha lililothibitishwa na zahanati asingedaiwa kwa muda aliolala. Mganga alikubali baada ya kuona kwamba anayeacha kuchangia kwa sababu anaumwa hafanani na anayengoja aumwe ndipo achangie. Tulikuwa tumewaadhibu kwa adhabu moja.

Dirishani, orodha ingeangaliwa baada ya muuguzi kumwona mgonjwa. Hilo halikujadiliwa hata dakika tano.

Mchango ulitamkwa kwa fedha badala ya kilo, ukapangwa kila miezi mitatu. Mtu angeulipa kwa taka, kwa taslimu, au kwa mchanganyiko. Wenzangu wawili walisikitika: waliona tukipokea taslimu tumeua wazo lenyewe. Niliwaelewa. Ila bei ya chupa ikianguka lazima mtu abebe hasara, na kwa utaratibu wa kilo hasara hiyo ilikuwa ikibebwa na sanduku la dawa bila yeyote kuiona. Tuliamua pia sehemu ya mauzo ya miezi mizuri iwekwe kando kwa miezi mibaya, kabla ya matumizi mengine yoyote.

Lililochukua muda mrefu ni la waokota chupa. Wengine walipendekeza wasamehewe mchango na yaishie hapo. Mzee J., ambaye safari hii aliitwa mkutanoni, alikataa. Alisema hataki kusamehewa, anataka kazi yake irudi. Ndipo ikapatikana njia: nyumba zingetenga chupa na kumkabidhi mwokotaji wa eneo lake, naye angezichambua, kuzikanyaga na kuzileta. Nusu ya thamani ingeingia kwenye akaunti ya nyumba, nusu angelipwa yeye taslimu. Waokotaji tisa waliandikishwa. Kadi zao zililipiwa na nyongeza ya bei, kwa kuwa mnunuzi hutoa zaidi kwa mzigo uliochambuliwa. Wao ndio waliotufundisha kwamba ukivisaga pamoja na kuvitia majini, plastiki ya chupa huzama na ya vifuniko huelea. Vifuniko tulivyokuwa tunavitupa vikaanza kuuzwa. Walipewa glavu nene na viatu vya kufunika mguu, wakachomwa chanjo ya pepopunda na ya hepatitisi B, yaani homa ya ini. Sindano yenye damu inaweza kumwambukiza hepatitisi B asiyechanjwa, na chanjo hiyo kwa mtu mzima ni dozi 3 katika miezi 6.

Matokeo

Mwaka wa pili kilo zilizopitia kibandani kwa jina la kila familia zilipungua, lakini zikawa za kila mwezi. Familia kadhaa zilijitoa kwa sababu nusu ya thamani iliwaonekea ndogo, na si zote zilirudi. Zilizobaki zilianza kuja zahanati mapema, ugonjwa ukiwa mchanga, na muuguzi aliyekuwa akihangaika na wagonjwa waliochelewa ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitambua hilo.

Taka hazikuwahi kulipa gharama zote. Zililipa sehemu, na ilikuwa sehemu ndogo kuliko ya taslimu. Mfuko ulisimama kwa sababu serikali ya mtaa ilikubali kuchangia, baada ya kuonyeshwa kwamba kazi ya kuzibua mfereji iliyokuwa ikiilipia kila masika imepungua. Nawashauri wenye mipango kama hii waiandike hoja hiyo mapema. Taka iliyotolewa mtaroni ina thamani mbili, ile ya sokoni na ile ya mafuriko yaliyozuiwa. Mnunuzi wa chakavu hulipa ya kwanza tu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho ni ile mizani iliyoelekea barabarani. Watu waliokwisha kuibiwa na vikundi vya kuweka na kukopa waliuamini mfuko huu kwa sababu waliuona mshale. Bima ni ahadi, na ni vigumu kumwuzia ahadi mtu aliyezoea kuvunjiwa. Kiroba kilichogeuka muhuri mbele ya macho yake kilimwonyesha ahadi ikianza kutimizwa. Ndiyo maana sijasema wazo la taka kwa bima ni baya. Kwa kumwingiza mlangoni mtu ambaye hajawahi kuwa na bima, sijaona njia iliyo bora.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba taka ni fedha. Chupa iliyo mtaroni haina thamani mpaka mtu ainame, aitoe, aikung'ute matope na kuibeba. Tulichokuwa tunatoza ni kazi ya mwili. Na mchango unaotozwa kwa kazi ya mwili humshinda mtu hasa siku mwili unapomshinda: mgonjwa, mjamzito wa miezi ya mwisho, mzee, mama aliyejifungua juzi. Hao ndio bima imewekwa kwa ajili yao. Mtu mwenye mguu mzima na muda wa kuokota chupa mia tano ndiye aliyekuwa na kadi hai muda wote, na ndiye aliyeihitaji kidogo kuliko wengine.

La waokota chupa linaniuma kwa namna nyingine, kwa sababu hata hesabu haikuhitajika kuligundua. Mtaa wowote wenye taka yenye bei tayari una watu wanaoishi nayo. Kabla ya kutundika mizani tulipaswa kuzunguka nao asubuhi moja tu.

Kuna mgongano pia ambao hatukuumaliza, na sidhani kama mfuko wa mtaa unaweza kuumaliza. Kila mafanikio ya kupunguza plastiki yanapunguza mapato ya mfuko. Vinywaji vikirudi kwenye chupa za glasi, ambalo ni jambo jema kwa mfereji na kwa kupunguza mbu, akaunti za familia hukauka. Huduma ya afya ya mtoto haifai kutegemea uchafu uendelee kuwepo. Pale ambapo watengenezaji na wauzaji wa vinywaji hulazimishwa kuzipokea tena chupa zao, kama Ujerumani ambako tangu mwaka 2003 mnunuzi wa vinywaji vingi vya chupa ya kutupa huweka amana na kurudishiwa anaporejesha chupa, angalau kiasi anacholipwa mrejesha chupa hakiyumbishwi na soko la mafuta.

Kama ningeanza upya, nisingeanzisha bima. Ningechagua mpango mkubwa wa umma uliopo, wenye watu wengi kiasi cha kubeba operesheni na oksijeni, kisha taka ziwe njia ya kulipia mchango kidogokidogo: familia ilete chupa zake wiki kwa wiki, kikundi kiweke hesabu, na mwisho wa mwaka kilipe kwa niaba yao ule mkupuo uliowashinda. Kikundi kingebaki na kazi kinayoiweza, kupima na kutunza akiba, na hatari ya ugonjwa ingebebwa na wenye mabega mapana. Siku sita za hospitali za yule mtoto ndizo zilizonifikisha hapo. Hata kadi ya Mama S. ingekuwa hai, siku zile zisingelipwa nasi.

Nilipokabidhi hesabu kwa mwenzangu, Mzee J. alikuwa amepata dozi ya tatu na alikuwa akifundisha vijana wawili kuchambua. Waokotaji wanaotoka mitaa ya jirani, ambao hawamo katika wale tisa, bado hupita alfajiri, na hakuna aliyejua wawekwe wapi. Akaunti ya Mama S. ilikuwa na akiba ya miezi mitano mbele. Hukabidhi chupa mlangoni siku hizi, mferejini hashuki tena. Cherehani alikuwa bado hajanunua nyingine.